Wawili Wananitosha

Jana mama mkwe aliniuliza tena, hapa Kondele, Kisumu, huku akichambua omena kwenye ungo: "Wa tatu lini, mwanangu?" Yeye alizaa tisa. Mimi nina wawili, na kila asubuhi kabla sijafungua kibanda namlipa mama anayewalea shilingi mia mbili. Siku ya mvua sirudishi hata hizo.

Mwaka 1989 wastani wa Kenya ulikuwa watoto 6.7 kwa mwanamke. Utafiti wa 2022 ulipata 3.4. Korea Kusini walishuka hadi 0.72 mwaka 2023, na serikali yao huwapa wazazi pesa! Pesa tu hazimwogeshi mtoto. Mimi nijengewe chumba cha kulelea watoto pale soko la Kibuye, chenye maji, ndipo tuzungumze.

Mama mkwe nilimwongezea chai.