Kuelewa Kwanza, Kutamka Baadaye

Miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo huku Moshi ni ya baridi na ya mawingu yanayouficha mlima, niliipitisha Cairo katika jua kali, nikisoma Kiarabu. Leo nimezipitia daftari zangu za huko, na nataka kuandika juu ya jambo moja tu, lile lililobadilisha namna ninavyokufikiria kusoma kwenyewe.

Sisi tuliopitia madrasa tulianza na msahafu, ambao herufi zake zimewekewa irabu: fataha, kasra na dhumma. Mtoto mdogo anaweza kuusoma kwa tajwidi nzuri kabla hajajua maana ya aya hata moja. Ninaiheshimu sana elimu hiyo, kwani ndiyo iliyonipa matamshi ambayo wenzangu waliotoka Ulaya waliyahangaikia kila asubuhi. Lakini gazeti la Cairo huchapishwa bila irabu. Kaf, ta na ba zikifuatana zaweza kuwa kataba, yaani aliandika. Au kutiba, yaani iliandikwa. Au kutub, yaani vitabu. Na msomaji hana cha kumwongoza isipokuwa sentensi yenyewe. Inambidi aelewe kwanza ndipo atamke, tofauti na Kiswahili, ambacho yeyote anayezijua herufi hukitamka sawasawa hata kama hajaambulia maana yoyote.

Kamusi nayo inadai hivyo hivyo. Katika kamusi zilizopangwa kwa mizizi, yaani herufi za msingi za neno, maktaba hulitafuti kwenye mim inayolianza bali kwenye kaf, kwa hiyo ni lazima uwe umeshalichambua neno kabla ya kulifungulia ukurasa. Mwalimu wetu alitukataza kuandika irabu kwa penseli juu ya mistari. Nilimwona mkali, sasa naamini kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kutufundisha kufikiri.

Mitaani mambo yalikuwa mengine. Wamisri wana lahaja yao, ambayo jim hutamkwa ga na qaf humezwa, nami nilikuwa na fus-ha, yaani Kiarabu sanifu, peke yake. Hata hivyo walinielewa, kwa kuwa fus-ha wanaisikia katika taarifa za habari na hotuba za Ijumaa, na wazee kadhaa katika mitaa ya karibu na Al-Azhar walinikaribisha chai ili tu niendelee kuzungumza. Ukarimu huo sitausahau.

Nimekwisha kuzungumza na maalim wa madrasa ya mtaani kwetu. Tumekubaliana kwamba vijana wakubwa waliohitimu juzuu zote tutakutana nao Jumamosi baada ya Alasiri, na nitawapa ukurasa mmoja wa gazeti usio na irabu. Sitamwomba yeyote ausome kwa sauti kabla hatujajua, katika kila sentensi, ni nani aliyetenda na ametenda nini.