Mdogo wao wa Kindope

Jumapili, usiku

Ukitaja Tendaguru, kilima cha Lindi, kusini mwa Tanzania, palipochimbwa mifupa ya dinosaria, kila mtu anakimbilia lile jitu la shingo ndefu lililosimamishwa Berlin, lenye kimo cha zaidi ya mita 13. Sina ugomvi nalo. Ila tangu jana mimi nimenaswa na mdogo wao, Dysalotosaurus, dinosaria mla majani aliyekwenda kwa miguu miwili, ambaye hata huku kusini ukimtaja watu wanakukodolea macho.

Mifupa yake ilitoka Kindope, jirani na kilima cha Tendaguru, Wajerumani walipochimba huko kati ya 1909 na 1913. Ilikuwa maelfu, ya wakubwa kwa wadogo, imelundikana pamoja. Huenda ni kundi moja. Sehemu iliangamia katika Vita Kuu ya Pili. Iliyosalia wataalamu wameikata vipande vyembamba kama karatasi na kuvitazama kwa hadubini, wakaona kwamba alianza kupevuka akiwa na miaka kama 10, na ukuaji wake unakaribiana na wa kangaruu mkubwa wa leo. Mafuvu ya wadogo nayo yanaonyesha ubongo na masikio yaliyokuwa tayari kwa kazi mapema. Si watoto wa kubembelezwa sana, naona.

Kinachonikera ni jina lake la pili: lettowvorbecki. Alipewa 1919, kwa heshima ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la kikoloni la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, vilivyomaliza chakula na wapagazi wa nchi hii. Mahiwa, palipochinjana watu Oktoba 1917, ni Lindi hiyo hiyo. Wapagazi walibeba mifupa kwa miguu mpaka bandarini, sifa ikaenda kwa kamanda! Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, alikumbukwa 2007, dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Na kanuni za kuwapa wanyama majina ya kisayansi haziruhusu kufuta jina eti kwa sababu linaudhi.

Basi, turudi kwa mnyama mwenyewe, maana kuna pingili moja ya uti wa mgongo wake inayonifurahisha kuliko yote. Watafiti waliipiga picha za ndani bila kuipasua, na 2011 wakatangaza kwamba mfupa ulikuwa umevurugika na kunenepa kama wa binadamu mwenye ugonjwa wa Paget. Ugonjwa huo unahusishwa na virusi vya jamii ya surua, ingawa madaktari bado wanabishana. Virusi wenyewe hawaachi mifupa. Wanachoweza kuacha ni uharibifu ndani ya mgonjwa. Kwa hiyo watafiti wale waliiita pingili hiyo ushahidi wa kale kuliko wote wa virusi, japo si wa moja kwa moja.

Kwa watu, wengi wenye Paget hawahisi kitu. Wanagundulika wakipigwa eksirei kwa shida nyingine kabisa. Huyu wa Kindope naye alihitaji picha tu, ila kliniki yake ilichelewa kufunguliwa kwa miaka milioni 150.