Boma lisingoje vuli

Usiku huu kichwani mwangu kuna hesabu moja tu: Januari 2028. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 walianza mtaala mpya, nao wanamaliza shule ya msingi darasa la sita mwaka 2027. Kaka na dada zao waliowatangulia kwa darasa moja wanamaliza la saba mwaka huohuo. Makundi mawili yanagonga hodi kidato cha kwanza siku moja.

Kwa sekondari ya kata huku Buchosa au Magu, mkoani Mwanza kando ya Ziwa Viktoria, ambako mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, ukichangamka familia huhamia na watoto wao, mzigo huo si mdogo. Shule inayopokea 150 kwa mwaka inahitaji mikondo minne ya wanafunzi 40. Wakija 300, mikondo ni minane. Vyumba vinne juu ya vilivyopo! Na vyoo je? Tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25; kwa nyongeza hiyo ni matundu kama saba. Vikao vingi huchangia madarasa na kusahau matundu, halafu tunashangaa kwa nini binti hukosa shule siku kadhaa kila mwezi.

Linaloniuma zaidi ni maboma, yaani majengo yaliyoinuliwa kuta lakini hayajaezekwa. Wananchi wanabeba mawe na mchanga, wanainua kuta hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kisha fedha ya bati inakawia. Mvua ya vuli inaingilia juu ya ukuta, inalainisha udongo uliofungia matofali ya kuchoma, na masika inakuta ukuta umeshainama. Msingi uchimbwe masika ikiisha, mwishoni mwa Mei, kuta Julai, lenta Agosti, bati liwe juu kabla ya Oktoba. Fedha ikikwama, tofali la juu lisiachwe wazi: lifunikwe kwa lipu ya saruji yenye mteremko, maji yasituame.

Mchanga wa ufukweni upimwe kwanza. Jaza chupa nusu, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando wa kahawia. Likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga wenyewe, uoshwe au utafutwe mwingine.

Zege la lenta ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na nondo nne za milimita 12. Mafundi hupenda kuongeza maji ili limiminike kirahisi, ndiyo maana likikauka linakuwa na vitundu na nguvu haba. Limwagiliwe siku saba mfululizo.

Upepo wa ziwa nao una tabia yake: hunyanyua paa kuanzia ukingoni. Waya wa kufungia kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, uzikwe ndani ya zege lingali bichi, si kupigiliwa baadaye. Msumari wa bati upigwe mgongoni mwa mkunjo. Ukipigwa bondeni, hapo ndipo maji yanapita, na litakaloloa ni daftari la mtoto aliyekaa chini yake.