Siku moja na Lister ya mzee, Pangani

Saa 12 asubuhi. Mzee mwenye kinu amenitangulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Mgonjwa wako yule pale."

Mgonjwa ni Lister CS, injini ya dizeli inayozungusha kinu, ya nguvu farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika, iliyotoka kiwandani Dursley, Uingereza. Jana ilichemka hadi ikazimwa, watu wamepanga foleni na mahindi yao.

Saa 1 na nusu. Nafungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Injini hii haina pampu ya maji: maji ya moto yanapanda yenyewe hadi sehemu ya juu ya pipa la kupozea, ya baridi yanashuka na kuingia chini ya silinda. Kwa hiyo uchafu wote unatuama huko chini. Naingiza bisibisi kwenye njia ya maji, inazama katika tope la kahawia, zito kama uji wa ulezi. Nachokoa, yanabanduka magamba ya kutu yaliyoshikana na chokaa. Nyuma yake chuma kimeliwa vishimo. Kimoja kinameza ncha ya msumari.

"Mzee, maji unachota wapi?"

"Kisimani hapo. Kila asubuhi namwaga ya jana, naweka mapya, safi kabisa."

Moyo unaniuma, maana amefanya hivyo kwa kuipenda mashine yake. Kisima kiko karibu na bahari, maji yana chumvi. Na maji mapya huja na hewa ndani yake, nayo hewa ndiyo chakula cha kutu. Maji yakishapata moto, hewa nyingi inatoka. Kwa hiyo maji ya jana yalikuwa na nafuu kuliko ya leo.

Saa 4. Naziba tundu la chini, najaza maji ya moto yenye asidi ya limau ya unga. Yanatoa povu, yanageuka rangi ya chai. Sikai mbali nayo: ukiiacha asidi ilale humo, ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma chenyewe.

Saa 7. Kusuuza, maji ya magadi kuua asidi, kusuuza tena. Chakula kitasubiri, kwa sababu chuma kilichooshwa hivi kikipigwa na hewa kinaanza wekundu hapo hapo.

Saa 8. Gasketi mpya, hedi inarudi. Pipani tunaweka lita 200 za maji ya mvua na lita 2 za mafuta ya kukatia chuma, yale ya mafundi wa lathe, mashine ya kuchonga chuma. Yanageuka meupe kama tui. Mafuta hayo huacha utando mwembamba juu ya chuma. Usiyazidishe: yanazuia joto kutoka, na mipira ya bomba inavimba.

Saa 10. Nazungusha hendeli, inashika. Bomba la juu la moto, la chini vuguvugu: maji yanatembea. Napiga alama ya rangi pipani, juu kidogo ya bomba la juu, kwa sababu maji yakishuka chini ya bomba hilo mzunguko unakatika.

Mzee anafunika pipa kwa bati, anaichukua ndoo ya kisimani na kumpa mkewe. Mama wa kwanza anamimina mahindi.