Siri ya Pangoni

Juzi binti yangu kanijia na simu mkononi, uso kaukunja. Alikuwa akiongea na bibi yake wa Pangani. "Bibi anasema mlikwenda pangoni mkaona kitu, halafu hataki kuniambia ni nini!" Nikacheka. Huyo ndiye mama yangu, ambaye posa ikikataliwa asubuhi, mtaa mzima una habari kabla ya adhuhuri. Ila hiyo moja kaikalia mpaka leo.

Ilikuwa mwaka ule alipokuja kunitembelea Ujerumani, akaikuta baridi, akagoma kutoka nje. Nikapata tiketi za bei chee za Lanzarote, kisiwa cha Hispania ambacho ukiangalia ramani kimejibanza jirani na Moroko. "Kumbe tunarudi Afrika," akasema, akatoa kanga kwenye sanduku.

Tukajiandikisha safari ya siku moja, basi na kiongozi, dada mmoja mchangamfu aliyezaliwa palepale. Asubuhi tulikuwa Timanfaya, hifadhi ya milima ya volkano. Ardhi nyeusi, vilima vyekundu, mti hakuna. Milipuko ya huko ilianza mwaka 1730 ikaenda mpaka 1736, vijiji vikazikwa na mashamba yake. Mfanyakazi wa hifadhi alimimina maji kwenye bomba lililochimbiwa ardhini, akarudi nyuma haraka, na mara mvuke ukafyatuka juu kwa kishindo, wazungu wakapiga mayowe. Pana na mgahawa unaochoma kuku juu ya shimo, kwa joto lilelile la ardhini. Mama aliniagiza niulize kama wanalipa gesi.

La Geria, eneo la mashamba ya mizabibu, tulipita tu. Kila mzabibu umepandwa ndani ya shimo lake, katikati ya changarawe nyeusi za volkano zinazonasa umande na kuzuia udongo usikauke, na mbele kuna kijiukuta cha mawe cha kuukinga upepo. Mvua huko ni ya kubahatisha. Mama, mtu wa minazi, aliangalia dirishani muda mrefu akasema, "Hawa wamehangaika." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Halafu pango. Cueva de los Verdes ni kipande cha handaki lililoachwa na volkano ya mlima Corona. Lava iliposhuka kuelekea baharini, juu iliganda ikawa dari, chini ikaendelea kutiririka mpaka ikaisha, pakabaki uwazi wa kilomita kadhaa, mwisho wake uko chini ya bahari. Ndani unainama, unainuka, unapanda, unashuka. Darini matone ya lava yamegandia palepale yalipokuwa yakidondoka. Mama alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, na kati ya dua na dua ananiuliza sadaka inawekwa wapi. Kwa mtu wa Tanga swali hilo ni la kawaida. Ukienda mapango ya Amboni utakuta vitambaa vyekundu na chupa za marashi.

Sadaka hakuna, lakini historia ipo. Kiongozi alituambia kwamba wenyeji walikuwa wakijificha humo maharamia kutoka Afrika Kaskazini walipokuja kukamata watu wa kuuza. Mwaka 1618 walivamia, wakaondoka na mateka wengi. Nilimtafsiria Mama. Dua zikakatika.

Karibu na mwisho wa njia yule dada akatusimamisha. Akaomba tusiguse kitu, tusisogee, tusiseme. Mbele yetu palikuwa na ukingo, na chini ya ukingo shimo la kina cha kutisha, miamba inashuka, inashuka, taa za manjano zikimulika mpaka chini kabisa. Mama alinishika mkono juu ya kiwiko, kucha zikaingia. Mkono wake mwingine ulikuwa umeisokota ncha ya kanga kidoleni, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ncha ya kidole ikabadilika rangi. Nilimsikia akipumua kwa pua. Kiongozi akasogea ukingoni, akatutazama mmoja mmoja, akafanya jambo dogo, la sekunde moja tu.

Hapo naishia, maana tuliombwa tusiwaharibie wanaokuja nyuma. Nitasema tu kwamba watu walishtuka, kisha Mama akaangua kicheko, mkono kifuani, "Ala! Ala!", kicheko kikajirudia kwenye kuta kikaturudia, naye akacheka upya kwa kujisikia.

Jameos del Agua, mwendo mfupi tu kutoka hapo kwenye handaki lilelile, pana ziwa la maji ya chumvi lenye kaa wadogo weupe, vipofu. Mama tayari alikuwa amechomoa sarafu. Kiongozi akamwahi: ni marufuku, chuma chake kinawadhuru. Akairudisha pochini bila ubishi.

Kwenye basi akaniambia nimuulize yule dada kama wale mateka walirudi. Wengine walikombolewa, akajibu, wengine hawakuonekana tena. Mama akatikisa kichwa. Tukaenda kidogo.

"Bibi yangu mzaa baba hakuwa mtu wa Pangani," akasema. "Alitoka bara."

Sikuwa nikijua. Nikauliza alifikaje.

"Huko hotelini usiku watapika wali?"

Nyumba ya ukoo wa babu ni ya mawe, ina mlango wa nakshi. Pangani ya zamani nyumba ya namna ile haikujengwa kwa nazi tupu. Meno ya ndovu yalipita bandari ile, na watu walipita. Bibi huyo aliingia kwa mlango ule kama mke, au kama suria? Sijui. Nimeshajaribu kumrudisha Mama kwenye habari hiyo, naye kila mara ana sufuria jikoni. Mama mkubwa anajua, nina hakika. Mwaka jana nilimwendea nikamuuliza waziwazi. Akanitazama, akaita mjukuu wake aniletee chai.