Nacala, kutoka ndege za vita mpaka uwanja mtupu

Sisi wa Mtwara ukitaja vita ya ukombozi ya Msumbiji tunawaza Mueda na ndugu zetu Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, ila wachache wanajua kwamba ndege za Mreno zilizokuwa zinapiga mabomu huko kaskazini, zile jeti za Fiat G.91, maskani yao ilikuwa Nacala, jimbo la Nampula, karibu kabisa na bahari. Pale palikuwa pia na kikosi cha askari wa miavuli, yani palijaa kweli, na Frelimo, wapigania uhuru wenyewe, wananolewa hapa kwetu Nachingwea.

Uhuru 1975, Mreno kaondoka, kituo kikachukuliwa na jeshi la Msumbiji na ndege za kivita za Mrusi, MiG.

Sasa hapa ndo pananichekesha. Serikali ya Msumbiji ikachukua mkopo Brazil, Odebrecht, kampuni ya ujenzi ya huko huko, wakakijenga upya kituo, Desemba 2014 kikafunguliwa kama uwanja wa ndege wa kimataifa wa kubeba abiria laki 5 kwa mwaka, bonge la jengo, halafu abiria wakawa kiduchu mno. Nani aliwapigia hizo hesabu jamani? Bandari ya Nacala ina kina kirefu cha asili na reli inatoka mpaka Malawi na inabeba makaa ya mawe, biashara ipo, lakini makaa ya mawe hayapandi ndege.