Imani Haiamrishi Elektroni

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii moyo umekuwa mzito kwa sababu ya mahubiri yanayozunguka kwenye simu zetu, Kampala mpaka Arua: eti fizikia ya kwanta, sayansi ya vitu vidogo mno, imethibitisha kwamba chembe hubadilika mtu akiitazama, kwa hiyo utazame uponyaji wako nao utatokea.

Jaribio lenyewe lipo, na linashangaza. Elektroni, chembe ndogo mno zilizomo ndani ya atomi, hurushwa moja moja kupitia mianya miwili myembamba hadi kwenye kioo cha kunasia. Kila moja huacha nukta moja tu, lakini nukta zikifika maelfu, inajitokeza michirizi kama ya mawimbi. Weka kifaa cha kutambua elektroni imepita mwanya upi, na michirizi inafutika. Hapo ndipo mhubiri anaporukia: akili ya mtu ndiyo iliyoamua!

Haikuamua. Mwaka 2004 huko Vienna, Austria, kundi la wanafizikia Anton Zeilinger na Markus Arndt walizipasha joto kwa leza molekuli za atomi 70 za kaboni, ambazo nazo huunda michirizi kama elektroni. Kadiri zilivyopata joto ndivyo zilivyotoa mwanga, mwanga ukabeba habari za njia zilizopita, na michirizi ikafifia. Hakuna aliyekuwa akiutazama mwanga huo. Mwaka uliotangulia walikuwa wameingiza gesi kidogo kwenye chombo kilichoondolewa hewa; molekuli zikagongana na gesi, michirizi ikafifia vilevile. Sasa gesi nayo imeokoka?

Kuhusu maana ya majaribio haya, wataalamu bado wanabishana. Mwanafizikia David Bohm alisema chembe ina njia yake, wimbi likiiongoza. Mwenzake Hugh Everett, kwamba matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Mwanafizikia Eugene Wigner aliwahi kusema, mwaka 1961, kwamba fahamu ya mtu ndiyo inayofanya jibu moja litokee, kisha akaliacha wazo hilo. Na hata kwa Wigner mtazamaji hachagui jibu: linakuja kwa uwezekano uleule unaokokotolewa kwa kanuni ya mwanafizikia Max Born ya mwaka 1926, uwe umefunga siku tatu au umeshiba matoke.

Wachungaji, hapa nasema kwa uchungu. Ayubu aliulizwa alikuwa wapi misingi ya nchi ilipowekwa, akaweka mkono kinywani. Ninyi mnamwambia mama mwenye kisukari kwamba macho yake yanaumba, na asipopona mnamwongezea hatia ya kutotazama vizuri. Uponyaji tunamwomba Baba, naye husikia. Aliyeacha dawa kwa mahubiri hayo arudi kliniki kesho asubuhi, na mmoja wetu amsindikize.